Nilivyobeba Simu kwa Hotpoti hadi Kisiwani Mtera

Nkuhungu

Kuna jambo nililiamini kwa moyo wangu wote, kwa akili zangu zote na kwa cheti changu cha kidato cha nne nilichokisomea usiku: kwamba mtandao wa simu ukipita juu ya maji unapoa, na ukishapoa unakuwa mzito kama samli asubuhi ya mwezi wa saba. Ndiyo maana visiwani simu zinajikongoja. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kuiweka simu iwe ya moto ili ikiupokea mtandao iuyeyushe.

Aliyeniambia ni Sospita, fundi simu wa hapa hapa mtaani, mtu mwenye bisibisi kumi na moja na miwani ya kukuzia. Sikumeza tu bila kutafuna. Nilimbana. Nikamuuliza, "Sasa Zanzibar je? Kule si maji matupu, na wanaangalia mpira kwenye simu?"

Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Kule maji yana chumvi. Chumvi haigandi."

Fizikia nilipata D, lakini ilikuwa D ya juu, iliyolala jirani kabisa na C. Nikaona hili ni jibu la kisayansi.

Basi, tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, kijiweni, kanisani, mpaka kwenye foleni ya maji, "Ilikuwaje huko kisiwani?" Na mimi kila nikisimulia, viboko wanaongezeka. Nimeona niandike mara moja ili idadi yao isimame hapa.

Chanzo ni mdogo wangu Neema, kitinda mimba wetu, anayesomea uuguzi na yuko mwaka wa pili. Mchumba wake anaitwa Elisha, fundi wa malori, wazee wake wako Singida. Wazee hao walisema watakuja kuposa Jumamosi saa nane mchana. Baba yetu alishatangulia, kwa hiyo neno la mwisho ni la mjomba Ndahani, kaka yake mama, ambaye anavua samaki kwenye kisiwa kimoja cha bwawa la Mtera wanachokiita Mawe Matatu.

Kwa kawaida ya ukoo wetu, mjomba kwenye posa husema "karibuni, semeni," halafu hunyamaza. Wageni wanasema yao. Wakimaliza na mjomba bado kanyamaza, maana yake ni kwamba hawajasema yote, waendelee. Na wakati huo hakuna mtu wa upande wetu anayeruhusiwa kufungua mdomo. Mjomba Ndahani ndiye bingwa wa kunyamaza. Binti wa mama mdogo alipoposwa, inasemekana mjomba alinyamaza mpaka wageni wakataja na deni la babu yao.

Sasa wiki hiyo mwiba wa kambale ulimchoma mguuni, mguu ukavimba, hawezi kupanda boti. Tukamwambia asikilize kwa simu. Akakataa.

"Maneno ya posa sisemi na mtu nisiyemwona uso," alisema. "Nitajuaje kama ni washenga au ni matapeli?"

Ikabidi iwe simu ya picha. Simu ya mjomba ni ya tochi. Mama akageuka akanitazama mimi.

"Nenda wewe uliyesoma."

Nikachukua hotpoti kubwa ya mama, ile yenye maua mekundu. Nikashona vifuko viwili vya kitambaa, nikajaza mchanga mkavu, nikaupasha jikoni. Simu nikaizima, nikaifunga kwa taulo, nikailaza juu ya mchanga, nikafunika. Neema alinisindikiza mpaka njiani. Hakucheka. Alisema tu, "Kaka, fanya wasikilizane. Kuna kitu wale wazee hawajaniambia, nakiona machoni mwa Elisha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtandao naubeba mwenyewe.

Nkuhungu hadi Fufu, kwa Fuso la chumvi

Ijumaa saa mbili asubuhi nilipata nafasi kwenye Fuso la kupeleka chumvi na matenga kwa wakausha samaki. Dereva alikuwa bwana mmoja mcheshi aitwaye Masima. Nikajua tutafika Mtera kabla ya chakula cha mchana, maana barabara ni ya lami na Fuso lilikuwa zima.

Sikujua kwamba Masima ana wakwe kila kijiji. Simaanishi wake wengi. Ana dada wengi, na kila dada kaolewa kando ya barabara hiyo kana kwamba waligawanywa na wakala wa barabara. Na huwezi kupita kwa shemeji na gari linanguruma hivyo bila kushuka kusalimia.

"Mbukwenyi!" anaita akiwa bado kwenye usukani.

"Mbukwa!" wanaitika, na hapo hapo moto unakolezwa.

Kwa shemeji wa kwanza tulikunywa uji wa uwele. Kwa wa pili tukala karanga za kuchemsha, debe zima, naapa. Kwa wa tatu, pale Fufu, tukaandaliwa ugali wa uwele na mlenda unaovutika mpaka mtu wa tonge la kwanza na mtu wa tonge la pili mnaunganishwa kama nguzo za umeme. Nilikuwa nimeshashiba toka kwa shemeji wa pili, lakini mama mwenye nyumba alisimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Mgeni huyu mbona anachokoa? Ana chakula chake kwenye hotpoti?"

"Hapana mama, hii ni simu."

Akamgeukia Masima akamwambia kwa Kigogo maneno ambayo Masima amekataa kunitafsiria mpaka leo. Nilipoomba nipashiwe mchanga wangu mekoni, aliupasha kwa kutumia koleo refu, amesimama mbali.

Chipogolo

Mnada ulikuwa umefurika mpaka barabarani. Mbuzi walikuwa wengi hivi kwamba lami haikuonekana. Tuliendesha juu ya mbuzi, yaani katikati yao, kwa mwendo wa bibi harusi. Masima akazima gari, akasema anakwenda kumwona shemeji wa nne. Mimi nikaingia mgahawani.

Nikaagiza chai ya maziwa, na kwa kuwa nilishachoka kueleza, nikampa mwenye mgahawa hotpoti, nikasema kwa kifupi, "Mama, naomba unipashie."

Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wa kuongea na meza zote kwa wakati mmoja. Akaenda nayo jikoni. Baada ya muda nikasikia, "Mungu wangu!" Akatoka nayo mikono miwili, ameiinua kama sadaka.

"Nani kaleta simu niipike?"

Meza zote zikageuka. Nikasimama, nikatumia nafasi hiyo kuwaelimisha wananchi: mtandao, maji, kupoa, samli. Nilieleza vizuri, nilichora na mchoro kwa chai iliyomwagika mezani. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna utumbo akaitikia kwa kichwa kwamba amenielewa.

"Ndiyo maana," alisema. "Mwanangu yuko Ukerewe, nikimpigia anasikika kama mtu wa mafua."

Nikapata nguvu. Wasomi wawili, mimi na yeye, hatuwezi kukosea pamoja.

Mtera

Tulifika jua limeshazama, nikalala kwenye gesti yenye mlango usiofungwa na mbu wenye bidii. Asubuhi saa moja nilikuwa mwaloni, nimevaa jaketi okozi, hotpoti mapajani, nasubiri boti. Nahodha alikuwa mtu mzima anayeitwa Kaoneka, mpole, asiyependa haraka.

"Tunaondoka saa ngapi, kaka?"

"Wakitoka wale."

"Abiria?"

"Viboko."

Nikatazama. Kwenye mkondo tunaopaswa kupita walikuwa wamejilaza viboko, na hapa naweka idadi rasmi: walikuwa wanne. Kijiweni nilisema kumi na saba. Wanne, lakini mmoja wao alikuwa mkubwa kama ofisi ya kata, naye ndiye aliyekaa katikati.

Saa mbili, saa tatu, saa nne. Nikamwomba Kaoneka tuzunguke. Akasema huko kuna visiki vya miti iliyozama, vinatoboa boti. Nikamwomba tupige kelele. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe umeoa?"

"Ndiyo."

"Basi tulia, watoto wako bado wanakuhitaji."

Saa tano na nusu yule mkubwa alipiga mwayo, nikaona mpaka tumbo lake lilipoanzia, akageuka, wenzake wakamfuata. Tukapita kwa makasia, injini imezimwa, hakuna aliyekohoa. Mama mmoja mchuuzi aliyekuwa ameketi kando yangu alinong'ona, "Hiyo hotpoti ni ya mgonjwa?" Nikatikisa kichwa kuashiria hapana. "Basi ni ya marehemu," akasema, akafanya ishara ya msalaba. Sikuweza kumsahihisha kwa sababu ya kiboko.

Mawe Matatu

Kisiwa chenyewe ni vibanda vya matete, vichanja vya kukaushia samaki, mbwa wawili na mwamba mmoja mrefu. Mwamba huo unaitwa Ofisini. Ukimtafuta mtu ukaambiwa yuko Ofisini, basi amepanda juu ya jiwe, mkono umeinuliwa, anatafuta mtandao. Wana utaratibu wao. Mwenye jambo zito anamwambia Mama Sikitu, mwenye duka na sola ya kuchajia simu za kisiwa kizima. Mama Sikitu anatoka mlangoni, anavuta pumzi na kuita, "Zimaaa!" Hapo kila mtu anazima data yake, mtandao wote anaachiwa mmoja. Anayekaidi, siku hiyo simu yake haichajiwi. Nilicheka moyoni. Nikasema hawa watu hawana elimu, wangejua siri ni joto wasingehangaika kuzima.

"Shikamoo, Mama Sikitu."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mpwa wa Ndahani? Harusi yenu tumeshaisikia. Nikuzimie saa nane?"

"Ukipenda, mama. Ila mimi nimekuja na dawa yangu."

Akaitazama hotpoti, akaendelea kupanga simu za watu kwenye chaji. Ni mwanamke wa maneno machache; ile "zima" ndiyo sentensi yake ndefu.

Mjomba nilimkuta ameshavaa. Koti la suti, kofia ya pama, shati jeupe. Chini kavaa kaptula ya kuvulia, mguu umefungwa kitambaa na kupumzishwa juu ya beseni lililopinduliwa. Vijana wawili wa nguvu walimbeba mpaka Ofisini na kiti chake.

"Unionyeshe kuanzia kifuani," aliniagiza. "Kaptula ni siri ya ukoo."

Saa nane mchana

"Zimaaa!"

Kisiwa kikazima. Jua la Mtera saa nane halina mchezo, mwamba ulikuwa unaunguza kupitia viatu. Nikaona hali ya hewa yenyewe iko upande wangu. Nikaitoa simu kwenye hotpoti, nikaiwasha, nikaiegemeza kwenye jiwe mbele ya mjomba, na nyuma yake nikaweka kifuko cha mchanga kilichotoka motoni dakika hiyo hiyo.

Ikaita. Ikapokelewa. Jamani, ilikuwa safi! Nikaona sebule yetu ya Nkuhungu, mama na ushungi wake wa kanisani, wazee watatu wa Singida kwenye makochi, Elisha ameinama, na mshenga wao amesimama na koti linalomfika magotini. Upande ule walikuwa wameiunganisha kwenye runinga kubwa ya jirani, kwa hiyo uso wa mjomba walikuwa wanauona mkubwa kama dirisha.

Mshenga akasalimia. Mjomba akainua kidole kimoja, akasema, "Karibuni. Semeni."

Mshenga akafungua mdomo, na hapo akabaki, mdomo wazi, mkono hewani, kikombe kimeinama bila chai kumwagika.

Mjomba akasubiri. Kisha akaninong'oneza bila kuchezesha midomo, "Mbona hasemi?"

Nikamnong'oneza, "Nadhani anakupa heshima, mjomba."

"Ahaa. Basi na mimi simpungukii."

Akakaza shingo, kidole kile kile kimeinuliwa, jicho moja limefinywa kidogo. Inzi akatua puani, hakumfukuza. Jasho likatiririka, hakujifuta. Wale vijana wawili walimtazama kama wanaotazama mtu akitembea juu ya kamba. Sijawahi kuona watu wakiheshimiana kwa muda mrefu namna ile.

Kwenye kioo cha simu ikatokea alama ndogo ya kipimajoto, yenye rangi nyekundu. Nikafurahi. Nikajua imeiva. Nikabadilisha kifuko, nikaweka kingine chenye moto zaidi.

Simu ikazima.

Nikaibonyeza, kimya. Nikaipuliza, kimya. Mjomba bado hajashusha kidole.

"Wameondoka?"

"Imezima, mjomba."

Alishusha kidole polepole sana. "Nimemwambia dada yangu nitamwozesha mwanawe leo," alisema. "Sasa wale watu watasema mjomba kawafungia mlango usoni." Nilimkumbuka Neema pale njiani akiniambia fanya wasikilizane, nikatamani wale viboko wangeniweka mpaka Jumapili.

Kivulini kwa Mama Sikitu

Vijana walimteremsha mjomba na kiti chake mpaka kivulini. Mama Sikitu aliichukua simu mkononi, akairusha kutoka kiganja hiki kwenda kile kama muhogo wa kuchoma, akaiweka juu ya mtungi wa maji. Baada ya kama nusu saa ikawaka yenyewe. Na ujumbe wa sauti ukaingia, wa Neema, mrefu. Tukausikiliza watu wote, vichwa vimekutana.

"Kaka," sauti ya Neema ilikuwa ya kunong'ona kutoka chumbani, "sijui kama mnajua, picha ya mjomba iliganda dakika ile ile aliposema semeni. Mimi niliona kwenye runinga kupitia mlangoni, maana ndege alikuwa anaruka nyuma ya mjomba, akasimama hewani. Lakini ningesemaje? Sijaitwa. Mama naye haruhusiwi. Basi wazee wakasema yao yote. Mjomba kimya, kidole juu. Wakaomba radhi kwa kuchelewa. Kimya. Wakaomba radhi kwa kukaa kabla ya kukaribishwa. Kimya. Wakasema kweli hawakuleta blanketi la bibi, lile la desturi ya posa, watalileta. Kimya! Yule mzee mkubwa akaanza kutoka jasho. Akasema, 'Mzee Ndahani, naona unajua. Basi tuseme.' Kaka, Elisha amepata kazi Kigoma. Walipanga harusi iwe mwezi ujao, halafu nikishaolewa ndiyo niambiwe niache chuo nimfuate."

Mjomba akavua kofia.

"Nikatoka chumbani bila kuitwa. Nikasema mbele yao, chuo siachi, anayenitaka anisubiri. Elisha akasimama, akasema yeye alitaka kuniambia tangu mwanzo, wazee wakamzuia, na kusubiri atasubiri. Sasa simu imekatika, wako hapa, chai inapoa, wanangoja neno la mjomba. Kaka, mwambie mjomba amewabana kuliko mwanasheria. Hayo ya kuganda usimwambie."

Nilikuwa nimeshachelewa, alikuwa anasikiliza na yeye. Lakini mjomba alivaa kofia yake taratibu, akaitengeneza, akasema, "Sikuganda. Nilikuwa nasubiri waseme yote. Wamesema."

Wale vijana wawili wakasema, "Ndiyo, mzee."

Mama Sikitu akatoka mlangoni. "Zimaaa!" Akarudi na simu yake mwenyewe, ndogo, kioo kina ufa, akampa mjomba pale pale kivulini, huku nyuma ya mjomba yamening'inia mafungu ya perege. Ikaita, ikafunguka, na wale wazee wa Singida wakatokea wakiwa wamenyooka kama wanafunzi mbele ya mkuu wa shule.

"Nimewasikia," alisema mjomba. "Binti amalize chuo. Siku akikabidhiwa cheti, kesho yake njooni, mlango uko wazi. Na mje na blanketi."

Mshenga akajibu, mama akapiga kigelegele, na sisi huku kisiwani tukakiitikia. Vyote vilisikika pale pale, bila kukatika hata neno, kana kwamba wako chumba cha pili. Nikaigusa ile simu ya Mama Sikitu. Ilikuwa ya baridi.

Nikaigusa tena.

"Mama Sikitu," nikasema, "hii umeipasha na nini?"

Akanitazama, akaitazama hotpoti yangu yenye maua mekundu, akavuta kigoda akaketi.

"Mtandao haupoi, baba. Huku ni wa polepole kwa sababu mnara ni mmoja, uko mbali, na sisi tunaougombea ni wengi. Ndiyo maana tunazima, mmoja apate. Leo kisiwa kizima kilizima kwa ajili yako. Kilichoganda ni simu yako, kwa sababu uliipika."